Kijiko cha Oili

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Tuanze hapo, kabla hatujaingia kwenye ubishi wa haki na udanganyifu. Injini ya petroli hupewa cheche ndipo iwake. Ya dizeli hupewa hewa tu. Pistoni inapanda, inaiminya hewa ile mpaka nafasi yake inapungua mara 17 hivi, na hewa inapata joto la kupita nyuzi 500. Dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefanikisha injini ya kwanza ya aina hii mwaka 1897, aliiacha hivyo, na lori linalopandisha mizigo kwenda Maseno leo linafuata kanuni ileile. Mgandamizo ndio kiberiti.

Kwa hivyo fundi wa malori kule Kibuye akikwambia "kompresheni imeenda," hajataja hitilafu moja kati ya nyingi. Anakwambia kwamba kile kinachoifanya injini iwake kinavuja. Na kinaweza kuvujia mahali patatu hivi: kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, kwenye valvu, au kwenye gaskiti ya silinda hedi. Ukiwa nje, dalili zinafanana sana. Asubuhi lori linakataa kuwaka. Likiwaka linatoa moshi. Mlimani linakosa nguvu, na oili inapungua ilhali chini hakuna tone.

Unatofautishaje? Mafundi wana jaribio rahisi. Wanapima kila silinda kwa geji, wanaandika namba. Ile silinda iliyo dhaifu wanaitia oili kidogo, kisha wanapima tena. Oili inaziba kwa muda lile pengo la kati ya ringi na ukuta wa silinda. Namba ikipanda sana, ugonjwa uko kwenye ringi au slivu. Ikibaki palepale, angalia valvu au gaskiti. Kwa dizeli fundi mzuri hutia matone tu, kwa sababu nafasi iliyo juu ya pistoni ni finyu na oili haiminyiki kama hewa. Ukizidisha, namba itapanda hata kama ringi ni nzima, na unaweza kupinda kitu ambacho hakikuwa na shida.

Hiyo ni oili inayosema ukweli. Kuna matumizi mengine ya oili ileile. Mtu anayetaka kuuza lori lililochoka anamwaga oili ya kawaida, anaweka nzito zaidi, kisha anaongeza dawa ya kopo ya kupunguza moshi. Oili nzito inafanya kazi ileile ya kuziba pengo. Kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili, moshi unapungua na mngurumo unatulia. Baadaye inazoea joto, inapungua, na ugonjwa unarudi kwa mtu mwingine mwenye jina lingine kwenye logibuku.

Kitu kimoja, pengo lilelile, kazi ileile. Mara moja kinafichua, mara nyingine kinaficha. Nimekuwa nikiwaza kuhusu tofauti hiyo tangu Februari, lori la mjomba wangu lilipopimwa.

*

Ni Canter, na kwa miaka tisa imebeba omena. Mjomba huzinunua Port Victoria, kule Bunyala karibu na mahali mto Nzoia unapoingia ziwani, na msimu mwingine huzitoa Usenge. Anapitia Bumala, Ugunja, Yala, Luanda, anapanda Maseno penye mstari wa Ikweta, kisha anashuka Kisian hadi Kisumu. Wateja wake ni akina mama wa Kibuye. Kwa Kijaluo mjomba ni nera, na mtoto wa dada yake ni okewa. Okewa ana haki ya kumtania nera wake, lakini akiitwa kwa kazi haulizi maswali mengi.

Niliitwa. Mjomba alitaka kuuza lori kabla ya Aprili. Kila mwaka uvuvi wa omena husimamishwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane, na lori lisilo na omena ni deni lenye magurudumu manne. Alikuwa na mkopo wa sako pia. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha na kuandika tangazo la mtandaoni. "Wewe si ndiye mwandishi?" aliniambia. "Andika."

Lakini kabla ya picha alimpitia fundi wake, kwa sababu lori lilikuwa limeanza kumsumbua asubuhi na alitaka lionekane sawa. Nilikuwepo. Fundi alihakikisha betri ina nguvu, akakata mafuta yasifike kwenye silinda, akatoa nozeli moja moja na kufunga geji mahali pake, huku tanboi akizungusha stata. Silinda ya kwanza ilisoma pauni 400. Ya pili 390. Ya tatu 270. Ya nne 400. Kwa injini za aina hii 400 ni kama binadamu asiye na homa, na silinda hazifai kupishana kwa zaidi ya asilimia kumi hivi. Ya tatu ilikuwa imepishana na wenzake kwa zaidi ya asilimia thelathini.

Akatia matone ya oili. Geji ikapanda hadi 350.

"Ringi," alisema. "Na pengine slivu imekwaruzika." Akaliwasha lori, akafungua kifuniko cha oili. Moshi ulitoka kwa mapigo, puf, puf, puf. "Unaona inavyopumua? Ile hewa ilifaa kusukuma pistoni. Sasa inashuka chini kwa oili." Akatazama rejeta kama kuna mapovu ya hewa kwenye maji. Hakuna. Gaskiti ilikuwa nzima.

Mjomba aliuliza ovaholi ni pesa ngapi. Fundi alisema 190,000, kisha akaongeza sentensi ambayo kila mwenye gari anapaswa kuikariri: "Lakini mzee, bei ya kufungua si bei ya kufunga." Ukishafungua injini unaweza kukuta krenki imelika, bloku ina ufa, au pistoni ya pili nayo iko njiani kufa. Njia nyingine ilikuwa kununua injini iliyotolewa kwenye lori la Japani, kwa 280,000. Hiyo nayo unaikuta imelala sakafuni mwa duka, na kompresheni yake huijui mpaka uifunge. Unaepuka shaka unayoijua kwa kununua shaka usiyoijua.

Mjomba hakuwa na 190,000 wala 280,000. Ndipo broka mmoja, aliyekuwa ameketi kwenye tairi akitafuna miwa, akatoa shauri bila kuulizwa. Oili nzito, dawa kopo moja. "Na mteja akija, apate gari ikiwa moto. Usiwahi kumwonyesha asubuhi." Akasema kwa hali hiyo lori litatoka kwa 850,000 bila kelele. Likiuzwa lilivyo, tukibahatika, 620,000.

Tofauti ni 230,000. Wengine wanazila kwa wikendi Nairobi. Kwa mjomba ilikuwa karibu mkopo wote uliosalia.

*

Nikaandika matangazo mawili. La kwanza lilisema: "Canter safi. Injini haijawahi kufunguliwa. Haina moshi. Nunua uendeshe. 850,000, maelewano yapo." La pili lilisema: "Canter. Silinda ya tatu ni 270, nyingine karibu 400. Ringi zimechoka, pengine na slivu. Inahitaji ovaholi. Bodi na giaboksi ziko sawa. 620,000."

Kilichonisumbua ni kwamba tangazo la kwanza halikuwa na uongo. Injini ile kweli haikuwahi kufunguliwa. Baada ya oili nzito, kweli isingetoa moshi siku hiyo. Ungeweza kulinunua na kuliendesha hadi Maseno na kurudi. Kila sentensi ingesimama mahakamani, na zote kwa pamoja zingemdanganya mtu. "Injini haijawahi kufunguliwa" hasa ni sentensi ya ajabu. Kwa lori zima ni sifa. Kwa lori gonjwa maana yake ni kwamba halijawahi kutibiwa.

Swali la kama muuzaji analazimika kusema kasoro ambayo hakuulizwa ni la zamani sana. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kitabu kuhusu wajibu na kumwelekezea mwanawe aliyekuwa akisoma Athens. Humo kuna mfanyabiashara anayepeleka nafaka Rhodes wakati wa njaa. Anajua meli nyingine zenye nafaka ziko nyuma yake. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Kuna pia mtu anayeuza nyumba ambayo yeye peke yake anajua mbao zake zimeoza na vyumbani mna nyoka. Cicero anawaweka wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anaona kwamba muuzaji ataje kile sheria inachomtaka ataje; mengine ni yake, na kunyamaza si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, anaona kwamba binadamu wanadaiana zaidi ya hapo. Cicero anamuunga mkono Antipater. Kwake, kuficha ni kutaka mtu asijue jambo linalomhusu ili wewe ufaidike na kutojua kwake.

Nakubaliana na Cicero, lakini nadhani pale Kibuye tulikuwa tumempita. Mwenye nyumba wa Cicero alinyamaza tu. Sisi tulikuwa tunajadili kutia kitu ndani ya injini ili injini yenyewe iseme uongo.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya watetezi inapovunjika. Husemwa: mnunuzi ana macho, na aje na fundi wake. Sawa. Lakini fundi wa mnunuzi atajuaje? Kupima kompresheni ya dizeli ni kutoa nozeli, kazi ya saa kadhaa ambayo wauzaji wengi hawaikubali. Kinachobaki ni kusikiliza, kutazama moshi, kufungua kifuniko cha oili. Oili nzito imewekwa kudanganya macho na masikio hayo hayo. Huwezi kumwambia mtu "jitazamie mwenyewe" wakati umeshafifisha taa.

Sheria nayo imesogea kutoka kwa Diogenes. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Lakini tuwe wakweli, hakuna anayeuza lori kuukuu akiwa ameshika Katiba. Linalotawala pale ni mazoea.

*

Hoja ya pili ya watetezi ni nzito zaidi, na aliyeitoa ni mjomba mwenyewe. "Hata mimi niliuziwa hivyo." Ni kweli. Aliponunua lile lori, mita ya kilomita ilikuwa imerudishwa nyuma, na aligundua baada ya miezi mitatu. Aliimeza hasara hiyo kimya. Sasa ilikuwa zamu yake kuipitisha mbele.

Nakiri kwamba hoja hii ina harufu ya haki. Ikiwa kila mtu kwenye mstari amelipa, kwa nini alipe mara mbili yule anayeamua kuacha? Mwanauchumi George Akerlof aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1970, akitumia soko la magari yaliyotumika kama mfano, na mwaka 2001 akapata Nobel pamoja na wenzake wawili. Wamarekani huliita gari bovu limau. Hoja yake kwa ufupi: wanunuzi wasipoweza kutofautisha gari zima na limau, watalipa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima ataona bei hiyo inamdhulumu, ataliondoa sokoni. Malimau yatabaki. Bei itashuka tena, na wazima waliosalia wataondoka nao.

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akerlof anaonyesha soko ambamo methali hiyo inakufa. Kibaya kikishatiwa oili nzito, nacho kinajiuza, na chema kinabaki kikijieleza kwa watu ambao hawamwamini mtu tena. Lori lolote lenye injini nzima linalouzwa Kisumu leo linauzwa kwa bei iliyokatwa kidogo kwa sababu ya malori yaliyotiwa dawa jana. Kwa hivyo mjomba alikuwa sahihi kwamba anaingia kwenye mchezo ulioharibika. Lakini tazama hasara inakwenda wapi. Kila anayeipitisha mbele anatafuta mtu anayejua kidogo kuliko yeye. Inateremka kama maji, na inatulia kwa yule asiye na fundi rafiki, asiye na mjomba mwenye lori, ambaye amekuja na pesa za chama kwenye bahasha. Hakuna zamu hapo. Mstari huo una mwisho, na mwisho wake daima ni mtu yule yule.

Hoja ya tatu ni shida. Mkopo ni mkopo. Siwezi kumwita mjomba mlafi, na sipendi insha zinazoandikwa na vijana wenye mshahara kuwafundisha watu wenye madeni maana ya uadilifu. Shida inaruhusu mengi: kuomba muda, kubishana bei mpaka jasho, kuuza mapema, hata kukataa kueleza kwa nini unauza. Lakini kuna jambo moja sioni linavyoruhusiwa, na ndilo nililolifikia baada ya kuyazungusha haya yote.

Fundi aliposoma 270, alimkabidhi mjomba uamuzi: kutengeneza, kubadilisha injini, kuuza kwa hasara, au kuendelea hivyo hivyo. Ni uamuzi mgumu na unauma. Lakini ulikuwa wake, na aliufanya akiwa na namba mkononi. Anayenunua lori lililotiwa oili nzito anakabidhiwa ugonjwa uleule bila uamuzi wowote. Pengine naye angelinunua hata akijua. Pengine ana shemeji fundi na ovaholi ingemgharimu nusu. Pengine angeona heri anunue pikipiki mbili. Hatutajua, kwa sababu tumeamua kwa niaba yake, gizani, kwa faida yetu. Zile 230,000 ni sehemu tu ya tunachomchukulia. Tunamchukulia na nafasi ya kuamua.

Kipimo hichohicho kinahukumu njia ambayo watu wengi huiona haina hatia: kutouza, kutotengeneza, kuendelea tu na safari. Lori ni langu, hasara ni yangu, si ndiyo? Hebu mwulize tanboi. Lori lenye mzigo likizimika kwenye mlima wa Maseno, anayeruka chini na jiwe kuliweka nyuma ya tairi ni yeye. Injini iliyochoka sana, inayopumua oili, huweza kuanza kuila oili yake yenyewe kama mafuta. Hapo inapaa mizunguko bila kusikiliza aksileta, na kugeuza ufunguo hakuizimi mpaka uizibie hewa au ipasuke. Si kila silinda ya 270 itafika huko. Lakini tanboi anayelala juu ya magunia saa tisa usiku ana haki ya kujua amelalia nini. Siku ile ya geji yeye ndiye alizungusha stata, na hakuna aliyemwelezea zile namba. Aliniuliza mimi pembeni. Nilimweleza.

Kuhusu kutengeneza, kuna watu wa rika langu wanaozungumzia ukarabati kama dini, kwamba kutupa ni dhambi na kila kitu kinastahili kuokolewa. Napenda moyo huo, na ukitembea Kibuye utaona kwamba jua kali waliuishi kabla haujapewa jina la Kizungu. Lakini lori halina haki zake. Huna deni na chuma. Ukiamua kuliuza lilivyo, au kulikata vipande vya spea, hujamkosea mtu. Madeni yetu ni kwa watu walio karibu na chuma hicho: anayekilalia, anayekinunua, anayekutana nacho mlimani. Kabla ya kuuliza "nitengeneze au nisitengeneze," kuna swali linalotangulia: gharama ya uamuzi wangu inamwangukia nani, na je, anajua?

*

Nilimsomea mjomba matangazo yote mawili. Alisikiliza akichokonoa meno. Baada ya la pili alisema, "Hii ni ya maskini." Nikamwambia ndiyo, nera, ni ya maskini. Hakucheka.

Sikumhubiria. Nilimuuliza tu kuhusu magunia. Mjomba anajulikana kule ufuoni kwa jambo moja. Hanunui gunia la omena kwa kutazama juu. Anakunja shati hadi begani, anauzamisha mkono mpaka chini, anatoa kiganja anakinusa na kukipangusa kuona kama kuna mchanga. Juu daima ni kavu. Unyevu na mchanga hukaa chini. Waislamu wana hadithi inayojulikana sana ya Mtume sokoni, aliyeingiza mkono katika rundo la chakula akakuta chini pamelowa. Mwuzaji alisema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi kilicholowa hakukiweka juu watu wakione. Mjomba ni Mwadventista na hakuwa anaijua hadithi hiyo. Mkono wake ulikuwa unaijua.

"Mama akikuwekea mchanga chini, nera, unamfanya nini?"

"Simnunui tena," alisema. "Na nawaambia wengine."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia niweke la pili, lakini niongeze kwamba tairi za nyuma ni mpya.

Sitakwambia kwamba ukweli ulilipa, kwa sababu haukulipa. Tangazo lilikaa wiki tatu. Mabroka walipiga simu kutucheka, mmoja akauliza kama tumeajiriwa na adui zetu. Wateja wawili walikuja, wakasoma zile namba, wakashukuru na kuondoka. Wa tatu alitoka Ugunja na kulichukua kwa 600,000. Kwenye karatasi ya mauzo tuliandika zile namba nne za geji, akatia sahihi chini yake. Mwezi wa tano alimpigia mjomba simu. Alikuwa amefungua injini na kukuta krenki nayo imelika, na ovaholi ilikuwa imepita makadirio ya fundi kwa mbali. Niliposikia hivyo nilidhani anadai pesa. Hakudai. Alipiga kumweleza tu, kama mtu anavyomweleza mwenzake habari za mgonjwa waliyemjua wote wawili, kisha akauliza kama kuna anayeuza omena kwa uaminifu kule Port Victoria, maana Agosti lori litakuwa barabarani. Mjomba alimtajia akina mama watatu.

Mjomba mwenyewe sasa anakodi lori kwa safari, na mkopo wa sako utamfikisha mwakani. Bado anasema tangazo lile lilikuwa la maskini. Simbishii, ni kweli lilimpunguzia pesa. Ila nimeona kwamba anapokodi lori siku hizi, anafika alfajiri kabla halijawashwa, anaweka kiganja juu ya boneti kuona kama ni baridi, kisha anamwambia mwenyewe, haya, liwashe.